Pole Yenye Nukta

Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Fundi Sanduku alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao ndani ya karakana yake, simu mkononi, msasa umelala pajani. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka ghafla. Mbele yake mfuniko mmoja ulisubiri vanishi, na vanishi ilisubiri mechi iishe. Mechi ilikuwa imeisha. Radi wamewapiga Nyigu mabao matano kwa bila.

Fundi Sanduku alikuwa mtengeneza majeneza kwa miaka ishirini na sita, na shabiki wa Radi kwa miaka mingi zaidi ya hiyo, na katika yote mawili alikuwa amezoea huzuni. Ushindi wa mabao matano hakujua aubebe vipi. Alifurahi, ndiyo, alipiga ubao kofi moja, pah! Kisha kwenye simu akamwona kipa wa Nyigu, mtu mzima mwenye upara unaoanza, amekaa chini golini, miguu ameinyoosha kama mtoto aliyesusa chakula, analia bila kujificha. Furaha ikampungua. Ndivyo alivyo Sanduku: hata jogoo wa jirani akichinjwa, yeye huuliza marehemu alikuwa na umri gani.

Isitoshe, Nyigu ilikuwa timu ya Bomba.

Bomba ni fundi bomba, jina lake halikuhitaji kikao. Yeye na Sanduku walikuwa marafiki tangu hawajang'oa meno ya utoto. Mama yake Bomba aliwalea wote wawili kwa chungu kimoja, miaka ile mama yake Sanduku alipokuwa hajiwezi kitandani. Akimchapa mmoja, alimchapa na wa pili, asije akajiona mgeni.

Basi Sanduku akafungua kundi la mashabiki kwenye simu. Kundi liliitwa Uwanja Wetu, lilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, nusu Radi nusu Nyigu, na mwenyekiti wake alikuwa mwenye duka la fotokopi. Akaandika, kwa kidole kimoja chenye gundi:

"Poleni sana ndugu zetu wa Nyigu. Mmejitahidi. Mungu awatie nguvu katika kipindi hiki kigumu."

Hakufikiria. Yalikuwa maneno aliyowaambia wafiwa mlangoni kwake karibu kila siku ya Mungu, na vidole vilikwenda vyenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Haikupita dakika, Bomba akajibu: "Ahsante sana ndugu yangu. Tumepokea."

Hapo mambo yangeweza kuishia. Watu wawili wamesemezana kiungwana, kila mmoja akazime jiko lake. Lakini Kinyozi alikuwa macho. Kinyozi wa pale kona hakuwa na timu hasa. Timu yake ilikuwa ni kucheka. Akaandika: "Jamani! Sanduku keshachukua vipimo!"

Vikatuni vya kucheka vikamiminika, vile vya njano vyenye machozi.

Kinyozi akarudi tena: "Na marehemu ameshukuru!"

Hapo kundi likapasuka. Vikatuni sitini na vitatu, Sanduku alivihesabu. Mashabiki wa Radi walimsifu kwa kejeli kali kuliko zote za msimu. Mmoja akaandika kwamba watu walitukana tangu asubuhi bila kuumiza mtu, kumbe mzee wa majeneza amenyamaza zake akisubiri kuchomeka kisu kwa adabu. Wa Nyigu walimtukana Sanduku kidogo, kisha wakamgeukia Bomba, maana adui ni adui, lakini mjinga wa nyumbani ndiye anayeuma. Anakejeliwa mchana kweupe, naye anasema ahsante? Tumepokea? Amepokea kwa niaba ya nani?

Bomba alikuwa ameisoma ile pole vizuri. Alikuwa ameisoma kwa sauti ya Sanduku anayoijua miaka arobaini. Sasa watu zaidi ya mia walikuwa wakimwambia kwamba sauti hiyo haipo.

Sanduku alijaribu kuzima moto. Akaandika haraka, na kama wengi wetu tukiandika haraka, herufi moja ikambaki mkononi: "Naomba radi ndugu zangu. Sikuwa na nia mbaya."

Radhi bila h.

"Anaomba Radi tena!" Kinyozi akaandika. "Tano hazijamtosha!"

Saa moja kasoro dakika tano kundi likaonyesha mstari mdogo wa kijivu: Bomba ameondoka.

Nyumbani, binti yake Sanduku, aliyekuwa akisomea uuguzi na kuongea kama aliyeshahitimu, aliisoma ile pole mara mbili.

"Baba, umeweka nukta."

"Wapi?"

"Kila mahali. Poleni sana, nukta. Mmejitahidi, nukta. Siku hizi mtu akiweka nukta amenuna, au anakukebehi."

"Shuleni tulifundishwa sentensi inaisha na nukta."

"Mlifundishwa kuandikia watu waliotulia, baba."

Mkewe alikuwa pembeni akishona bitana nyeupe za ndani ya majeneza, maana kazi hiyo ilikuwa yake. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Kesho nenda kwa mwenzio umwambie kwa mdomo. Mdomo hauna nukta."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulichelewa. Kicheko kilihamia karakana Jumatatu saa nne asubuhi.

Walikuja mama mmoja na shemeji yake, mama kafiwa na mume. Sanduku alijifuta mikono, akaenda mlangoni, akainamisha kichwa kama siku zote. "Pole sana, mama," akasema.

Nyuma ya bega lake la kushoto kukasikika kicheko. Kilikuwa kifupi, cha puani, cha mtu aliyeshiba anayecheka amefumba mdomo. Hapakuwa na mtu nyuma ya bega hilo, kulikuwa na misumeno mitatu inayoning'inia na kalenda ya mwaka uliopita. Mama aliangalia misumeno, akamwangalia Sanduku, akamwambia shemeji yake, "Twende kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Huyu anatucheka."

"Si mimi, mama," Sanduku alisema. "Pole, tafadhali."

Kikacheka tena. Shemeji mtu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Hakushangaa kwamba kicheko kimetoka hewani. Alisikitika kwamba mtu mzima hana haya.

Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulijua. Na mtaa ule, ukiwaambia kuku amezaa, watauliza ndama ni wa rangi gani. Walikuja kujaribu. Muuza mkaa alijikata kidole makusudi kidogo tu ili apewe pole, akapewa, kicheko kikaitika, akaondoka ameridhika. Mwenyekiti wa kundi alifunga fotokopi nusu saa, akaja na kiti chake.

"Kinakula?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi una bahati. Mimi shemeji yangu alihamia mwezi wa pili, mpaka leo anakula."

Kwa wiki mbili Sanduku alikichunguza kicheko kama fundi anavyochunguza ubao uliopinda. Aliacha kusema pole, akajaribu "Mungu awatie nguvu." Kikacheka. Akajaribu "tuko pamoja." Kikacheka, tena kirefu. Akajaribu "karibu" na "ahsante" na "umeshindaje", na yote yalichekwa, moja kwa kicheko kikubwa, jingine kwa kidogo, kulingana na wema uliomo. Asubuhi alimwambia mkewe, "Chai yako leo tamu," na kicheko kikatoka chini ya meza. Mkewe akaweka kikombe chini taratibu, akaenda kushona.

Kisha siku moja mteja alimsumbua kuhusu bawaba, mara za shaba, mara za chuma, mara arudishe zile za mwanzo, hadi Sanduku akachoka. "Amua basi, wewe! Mimi sina siku nzima ya kushika bawaba mkononi kama bwana harusi!"

Kimya. Misumeno ilining'inia bila neno. Mteja akaamua papo hapo, akashukuru, akaenda kuwaambia watu kwamba Fundi Sanduku ni mtu wa kweli, haumi na kupuliza.

Ndipo Sanduku akajua. Neno kali lilipita safi, bila mtu nyuma yake. Alianza kuwapokea wafiwa kwa kuwakemea: simameni pale, leteni vipimo, msiniwekee machozi kwenye vanishi. Wateja walirudi. Walisema ana msimamo. Wengine walisema yule wa ng'ambo ya barabara ana maneno matamu mno, na mwenye maneno matamu lazima ana analoficha. Jioni Sanduku alifika nyumbani koo limekauka, akakaa bila kumsemesha mtu, maana kwa watu wa nyumbani kwake hakuwa na neno kali hata moja.

Kwa Bomba alikwenda Alhamisi ya wiki ya tatu.

Bomba alikuwa barazani kwake, kati ya mabomba ya plastiki na koki kuukuu, akifunga uzi mweupe kwenye maungio. Mtaani walikuwa wameshamwita Marehemu. Akipita na spana begani, watu walisimama kwa heshima na kuvua kofia. Mteja mmoja alimpigia simu akasema, "Marehemu, koki yangu inavuja, ukifufuka pitia." Alicheka naye, Bomba, mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu hakucheka.

"Habari za hapa," Sanduku akasema, na kicheko kikatangulia kuingia.

Bomba hakuinua macho. "Umekuja nacho mpaka hapa."

"Hakikubali kubaki."

"Watu walisema unacho. Nikasema mpaka nisikie mwenyewe."

"Bomba, unanijua. Nisamehe, ndugu yangu."

Kicheko kilitoka kwa nguvu, kikapita ndani ya mabomba ya plastiki, kikatokea mwisho wa pili kimezidi ukubwa. Bomba alisubiri kiishe, kama mtu anayesubiri gari refu lipite.

"Unasikia?" akasema. "Na mimi ndivyo nilivyosikia, nilipoisoma mara ya pili. Mara ya kwanza sikusikia, nikashukuru. Aliyeniumiza si wewe, Sanduku. Ile ahsante ndiyo iliyoniumiza."

Ndani ya nyumba sauti nyembamba ya mama yake Bomba iliita. Alikuwa anaumwa kifua tangu mwanzo wa mwezi. "Nani huyo anayecheka vizuri hivyo?"

"Ni Sanduku, mama."

"Sanduku wangu? Mwambie aingie ale."

Bomba aliendelea kuzungusha uzi kwenye maungio. Alizungusha mara nyingi kuliko inavyohitajika. "Mama amechoka," akasema. "Njoo siku nyingine."

Sanduku alisimama kidogo pale. Alitaka kumjibu mama, amuulize kifua vipi. Aliogopa kicheko kitamfikia mgonjwa kabla ya salamu. Akaondoka.

Mama yake Bomba alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, huku nje mvua ya manyunyu haiishi wala haizidi. Sanduku aliambiwa na muuza mkaa. Aliingia karakana, akatoa mbao alizokuwa amezitunza miaka minne bila kujua anamtunzia nani, mbao zisizo na jicho hata moja, akaanza kupiga randa. Vipimo alikuwa navyo kichwani. Mama yule alikuwa akimfikia puani alipokuwa kijana, kisha midomoni, na mwisho kifuani, maana wazee hurudi chini. Alichonga maungio ya mkia wa njiwa kwenye kila kona, hakupiga msumari hata mmoja. Mkewe alileta bitana mwenyewe, akaikunja kingo mara mbili. Saa kumi jioni jeneza lilikuwa tayari. Wakaliweka karibu na mlango, wakakaa kusubiri lichukuliwe.

Hakuja mtu. Saa kumi na moja na nusu waliona, ng'ambo ya barabara, jeneza la yule mwingine likipakiwa kwenye pikapu, na dada mkubwa wa Bomba ameliwekea mkono ubavuni kama mtu anayetuliza ng'ombe.

"Labda hawakujua," mkewe akasema.

"Wamejua."

Siku ya mazishi nyumba ya Bomba ilijaa hadi uani. Watu wa Radi walikuwepo, watu wa Nyigu walikuwepo, Mwenyekiti alichapisha ratiba bure. Kinyozi naye alikuwepo, amevaa shati jeusi, analia kwa dhati. Tusimsingizie, alimpenda yule mama, alimnyoa mpaka wiki ya mwisho kitandani. Msururu wa kutoa pole ulianzia getini. Kila mtu alifika mbele ya Bomba, akamshika mkono, akasema lile neno, akapita. Pole. Pole sana. Pole, kaka. Neno lilikuwa rahisi katika midomo yao kama kumwaga maji.

Sanduku alikuwa wa kumi na tisa kutoka mbele. Mkewe alimshika kiwiko. "Kaa kimya tu," akamnong'oneza. "Mshike mkono upite."

"Nikipita kimya watasema nimemnunia mfiwa."

"Bora wakuone umenuna."

Alipobakiza watu wawili, dada mkubwa wa Bomba alitoka kwenye viti vya wanawake, akasimama mbele yake. Hakuwa na hasira. Macho yalikuwa yamemvimba, na alizungumza kama mtu anayeomba chumvi.

"Sanduku, mdogo wangu. Nakuomba. Usiliseme."

"Dada, mama alinilea."

"Najua. Nami nilikuogesha. Ndiyo maana nakuomba. Leo hapa asicheke mtu."

Akampisha. Sanduku akajikuta mbele ya Bomba. Nyumba ilinyamaza, maana kila mtu alikuwa anakijua kicheko, na kila mtu alikuwa anatazama bega la kushoto. Bomba alinyoosha mkono. Mkono ulikuwa na kovu la spana ambalo Sanduku alilifunga kitambaa yeye mwenyewe, zamani.

Neno lilikuwa pale, nyuma ya meno. Pamoja nalo kulikuwa na mengine: kwamba mama yule alimfuta kamasi kwa upindo wa nguo yake; kwamba siku mama yake mwenyewe alipokufa, yule ndiye aliyekuja shuleni kumchukua, akambeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa miaka kumi, miguu ikiburuzika. Sanduku alifungua mdomo na kusikia, karibu kabisa na sikio lake, kitu kikivuta pumzi kujitayarisha.

Akaufumba. Akatazama jeneza pembeni. Kona ya juu ya kulia ilikuwa imeachia, kidole kingepita.

"Sanduku gani hili?" akasema kwa sauti. "Nani kakupigia takataka hii? Kona imetoa mdomo kama kiatu cha mlevi."

Kimya. Kimya safi, kama baada ya mtu kufunga koki.

Nyumba nzima ilishusha pumzi. Bomba alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Mashavu yalimcheza kidogo.

"Ungelipiga wewe," akasema, "mfuniko ungeingia upande."

"Mfuniko wangu haujawahi kuingia upande tangu niwe fundi."

"Wateja wako wana bahati mbaya ya kutorudi kulalamika."

Watu wakanong'ona kwa furaha. Wamepatana! Mwenyekiti alifuta machozi kwa ratiba. Bomba aliushika mkono wa Sanduku muda mrefu kidogo kuliko aliyetangulia, au pengine ni msururu ulikuwa umekwama. Kisha Sanduku akapita, na aliyefuata akasema, "Pole sana, Bomba," na Bomba akamjibu, "Ahsante."

Wakamzika mama katika jeneza la ng'ambo ya barabara.

Tangu hapo urafiki ulirudi, kwa namna yake. Bomba alirejeshwa kwenye kundi, Mwenyekiti akapiga vigelegele kwa maandishi. Jumapili za mechi alikuja karakana, akakaa juu ya mbao, na wawili hao walitukanana kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Timu yako kunguni. Yako chawa. Kipa wenu anashika mpira kama bibi anayeshika paka. Jina la Marehemu lilifutika. Kundi liliwapenda. Watu walisema hao ndio marafiki wa kweli, hawafichani kitu. Wakati mwingine, mechi ikiisha na Nyigu wamefungwa tena, Bomba alibaki amekaa, mikono katikati ya magoti, akitazama mahali ambapo mama yake alizoea kupita akirudi sokoni. Sanduku alimwona. Alitafuta neno, akageuza kila alilokuwa nalo, mwishowe akasema, "Ondoka juu ya mbao zangu, unazipinda." Bomba aliondoka.

Lile jeneza lisilo na msumari halikuuzwa. Lilisimamishwa ukutani nyuma ya karakana, na kicheko kikahamia humo, ndani ya bitana iliyokunjwa mara mbili. Mkewe alilipangusa vumbi kila Jumamosi. Alikuwa amejizoesha kukigongea kwanza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, msumeno wa umeme ulikata vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Sanduku. Ilikuwa kosa la sekunde moja, alimgeukia mteja aliyeuliza kitu. Binti yake, sasa muuguzi kamili, alimfunga bandeji mwenyewe. Habari ilifika kwenye kundi kabla Sanduku hajafika hospitali. Waliandika wengi. Kinyozi aliandika, "Sasa vipimo atachukuaje?" Wakacheka kama kawaida.

Bomba alikuwa mji mwingine, kwenye kazi ya mabomba ya shule mpya, kazi ya miezi. Kesho yake asubuhi ujumbe wake ukaingia. Hakuuweka kwenye kundi. Ulikuja kwa Sanduku peke yake.

"Mpumbavu wewe. Na vilivyobaki vitakatika tu."

Sanduku aliusoma amelala nyumbani kwake, mkono umeinuliwa juu ya mto. Aliusoma kwa sauti ya Bomba wa zamani, aliyekimbia naye barabara nzima kwenda zahanati siku Sanduku alipomeza msumari utotoni. Uliingia vizuri. Akausoma kwa sauti ya Bomba wa barazani, aliyezungusha uzi bila kuinua macho. Ukaingia vizuri vilevile.

Akampa mkewe simu. "Hebu nisomee. Kwa sauti."

Mkewe alisoma, na kwa mdomo wake ulikuwa ujumbe wa mtu aliyekesha kwa wasiwasi.

Akampa binti yake. Binti alisoma, akasema, "Baba, huyu mtu ana nini na wewe?"

"Ameweka nukta?"

"Mbili."

"Soma tena, mama," akamwambia mkewe.

Mkewe akasoma tena. Safari hii naye hakuwa na uhakika, alisita katikati.

Sanduku aliichukua simu kwa mkono mzima. Akaandika "Ahsante ndugu yangu", akayaangalia, na ukutani, huko karakana upande wa pili wa ua, akasikia kitu kikijigeuza ndani ya bitana. Akafuta herufi moja moja. Akaandika: "Vikatike, vitakuwa bado vingi kuliko mabao ya Nyigu". Hakuweka nukta. Akatuma.

Alama mbili zilitokea chini ya maneno, za kijivu. Chai yake ilipoa juu ya kigoda. Mkewe alirudi kwenye bitana, binti akaenda zamu. Karibu na saa tano alama zikageuka buluu, maana yake Bomba amesoma. Kwa sauti gani, simu haikuonyesha.